Mtori wa maharage kwa mtoto asiyekula nyama

Desemba ya mwaka juzi tulikwenda Moshi kama kawaida yetu, na binti yangu, akiwa na miaka 9, akashuhudia mbuzi akichinjwa nyumbani kwa babu yake. Mbuzi yule alikuwa amemlisha majani kwa mkono wake siku mbili nzima. Tangu hapo hajatia nyama mdomoni. Nilidhani ni jambo la wiki moja litapita, halikupita. Na chakula anachokipenda kuliko vyote ni mtori, ile supu nzito ya ndizi zilizopondwa na nyama.

Mara ya kwanza niliupika vilevile, nikaacha nyama tu. Ukatoka uji wa ndizi, hauna ladha. Mara ya pili nikatia vipande vya soya, mtoto akavitenga pembeni ya sahani, na baba yake pia. Ya tatu nikazidisha viungo vya pakiti hadi chumvi ikawa haivumiliki. Nikampigia mama simu.

"Kwani kiburu umekisahau, mwanangu?" akaniuliza. "Unadhani sisi tulikuwa tunachinja kila siku?"

Kiburu, kwa asiyekijua, ni ndizi na maharage yaliyopikwa pamoja, na Uchagani kimelisha watoto wengi bila kipande cha nyama. Hapo nikaliona kosa langu. Nilihangaika kutafuta cha kukaa mahali pa nyama, kumbe chungu kilikosa supu nzito na mafuta yanayotoka kwenye mifupa. Supu nzito naipata kwenye maharage. Tangu siku ile napika hivi, na tunakula watu 5.

Loweka robo kilo ya maharage usiku kucha, mwaga maji yake, kisha uyachemshe kwa maji mapya mpaka yapasuke. Hayo maji ya kuchemshia usiyamwage hata tone, ndiyo supu yako. Menya ndizi mshare 10 (paka mafuta mikononi, utomvu wake hautoki kirahisi), uziweke kwenye maji zisiwe nyeusi. Zipike ndani ya ile supu, pamoja na karoti moja na nusu ya maharage, mpaka zilainike kabisa.

Wakati ndizi zinaiva, shughulika na kitunguu, na hapa nakuomba usiharakishe. Vitunguu viwili vikubwa, moto mdogo, vijiko viwili vya siagi, robo saa au zaidi, hadi viwe vya kahawia na jikoni kunukie. Ladha ile ambayo zamani niliitegemea kwa nyama iliyokaangwa, sehemu kubwa inatoka hapa. Kitunguu kilicholainika tu na kubaki cheupe hakitoshi. Ongeza nyanya mbili, ziive mpaka mafuta yaonekane juu.

Ponda ndizi kwa mwiko, changanya na kitunguu, halafu rudisha nusu ya maharage iliyobaki yakiwa mazima, mlaji apate cha kutafuna. Punguza moto kabisa ndipo utie kikombe cha maziwa, maana yakichemka kwa nguvu pamoja na nyanya yanakatika.

Pilau nayo tumeizoea hivyo hivyo: kitunguu cha kahawia iliyokolea, bizari nzima, iliki, mdalasini, kisha viazi na njegere. Makande hayahitaji maelezo, hayakuwa na nyama tangu mwanzo.

Mama mwenzangu, usimpikie mtoto chungu chake peke yake. Nilijaribu wiki mbili. Nilichoka, naye alikula kwa unyonge kama mgonjwa. Sasa siku nne za wiki sote tunakula chungu kimoja kisicho na nyama, na siku za nyama napika mboga yake kando, anaila kwa ugali uleule wa wote. Baada ya chakula nampa chungwa au embe, kwa sababu matunda ya aina hiyo yanausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage. Chai nimeihamishia saa nyingine, kwani ikinywewa pamoja na chakula inayazuia.

Mtori ukibaki, asubuhi utaukuta umeganda. Ongeza maji ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga, moto mdogo, na uonje chumvi upya.