Usiwashe Kuni Kwa Sababu Jirani Kawasha

Jumatano iliyopita nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa dada mmoja aliyehamia Vermont, huku Marekani, mwaka huu na familia yake. Alikuwa analia. "Dada, nimewasha lile jiko, moshi wote umerudi ndani. Kengele zinapiga kelele, watoto nimewatoa nje na nguo za kulalia. Nimekosea wapi? Majirani wote huku wameshaanza kuwasha." Nilimuuliza nje kuna nyuzi ngapi za Selsiasi. Akasema 14.

Nilimjibu kwa kifupi usiku uleule, ila nimeona niandike kwa urefu, maana najua hayuko peke yake. Wengi wetu tuliofika huku kaskazini tunanunua au kupanga nyumba yenye jiko la kuni la chuma pale sebuleni, tunafurahi, tunasema gharama ya mafuta ya kupashia nyumba sasa itapungua. Itapungua kweli. Lakini swali la siku gani uanze kuwasha lilinitesa misimu miwili mizima, na sitaki limtese mwingine.

Mimi ni mtoto wa Njombe, naomba hilo lieleweke. Baridi ya kipupwe cha Juni na Julai naijua tangu nikiwa mgongoni kwa mama. Nimekwenda shule asubuhi nikikanyaga umande unaokata miguu, nimechanja kuni za miwati nikiwa na miaka tisa, na moto wa mama yangu ulikuwa hauzimiki kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane. Kwa hiyo tulipopata nyumba hii nje kidogo ya Lewiston, hapa Maine, nilimwambia mume wangu, ambaye ni mtu wa Tanga na baridi kwake ni ugonjwa, "Baba watoto, moto niachie mimi." Akaniachia.

Huku msimu huu nao tunauita vuli, lakini usidanganyike na jina. Vuli ya nyumbani ni mvua za Oktoba mpaka Desemba, mtu anapanda maharage. Vuli ya huku ni majani kugeuka mekundu na kupukutika, usiku barafu nyembamba kwenye kioo cha gari, mchana jua mpaka unavua sweta. Huo mchana wa jua ndio ulioniponza.

Mwaka wa kwanza niliona moshi kwenye dohani la jirani tarehe 20 Septemba, na kesho yake nikawasha. Sikupima chochote. Nilijiambia, kama mwenyeji kawasha, mimi nasubiri nini? Kila jioni nikawa najaza jiko. Ikifika saa tatu usiku nyumba inakuwa tanuri, watoto wanatupa mablanketi, tunafungua madirisha. Nikaona dawa ni kufunga tundu la hewa ili moto ulale, uungue polepole mpaka asubuhi. Nilijiona fundi. Kuni zenyewe zilikuwa zinatoa povu kwenye ncha na kulia kama kitu kinachokaangwa, na muuzaji alikuwa ameniapia kwamba ni kavu.

Januari, usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri, tukasikia mngurumo ukutani kama lori linapanda mlima na gia namba moja. Dohani lilikuwa linaungua kwa ndani. Bomba la juu ya jiko lilikuwa limeiva jekundu. Tulitoka na watoto, zimamoto wakaja, tukasimama kwenye theluji nimembeba wa mwisho kifuani. Nyumba ilipona. Mimi sikupona haraka.

Kesho yake mume wangu aliandika kwenye kundi la ukoo kwamba tuko salama, na ndugu mmoja akajibu, "Kumbe hata mtu wa Njombe moto unamshinda." Miaka minne imepita. Nilimsamehe, lakini sentensi ile bado ninayo kichwani, na labda ndiyo iliyonifanya nijifunze jambo hili mpaka mwisho wake.

Fundi aliyekuja kusafisha dohani alitoa ndoo ya kitu cheusi kinachong'aa kama lami. Kinaitwa kriosoti. Alinieleza hivi: moto mvivu wa kuni mbichi hauunguzi moshi wake wote. Moshi ule unapanda ukiwa na maji na mafuta ya mti, unakuta kuta za dohani ni baridi, unaganda pale. Usiku mmoja hauna neno. Miezi mitatu ya moto mvivu ni kujenga bomu juu ya vichwa vya wanao, kisha Januari unakuja kuliwasha kwa moto mkubwa. Yaani makosa yangu ya Septemba na Oktoba ndiyo yaliyoungua Januari. Na Februari kuni zikaisha, kwa sababu nilikuwa nimezichoma wakati wa joto.

Mwaka wa pili niliogopa. Nikasema siwashi mpaka Novemba iishe. Watoto wakalala na majaketi, ukungu ukaota kwenye kona ya chumba chao, na bili ya umeme ya zile hita za kuchomeka ukutani ikaja kubwa kuliko kuni zote nilizozikwepa. Sitaeleza zaidi. Kuchelewa kwa woga nako ni kosa.

Tangu hapo nina daftari. Ukutani kwenye korido, mbali na jiko na mbali na dirisha, nimetundika kipimajoto, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi naandika ndani kuna nyuzi ngapi na nje ngapi. Nawasha pale tu ndani kumekuwa 16 au chini kwa asubuhi mbili mfululizo, na utabiri unasema mchana hautapita nyuzi 10. Mwaka jana ilikuwa tarehe 9 Oktoba. Mwaka huu tarehe 17. Nyumba yako inaweza kutaka namba nyingine, kwa sababu yangu ina madirisha makubwa upande wa kusini na jua la mchana linaingia mpaka kwenye kochi. Lakini iwe namba ya nyumba yako, siyo moshi wa jirani.

Ile 10 ya mchana sikuiokota hewani. Dohani huvuta moshi kwa sababu hewa ya moto iliyo ndani yake ni nyepesi kuliko hewa baridi ya nje. Tofauti ikiwa kubwa, moshi unanyanyuka wenyewe. Siku ya nyuzi 14, dohani lililokaa miezi bila moto limejaa hewa nzito iliyotulia, haitaki kusogea, na moshi unatafuta njia nyepesi, ambayo ni sebule yako. Hicho ndicho kilichompata dada wa Vermont. Hakukosea kuwasha moto, alikosea siku. Ikibidi uwashe siku ya namna hiyo, kwanza hakikisha kizibo cha dohani kiko wazi, fungua dirisha kidogo, choma gazeti lililokunjwa karibu na mdomo wa bomba mpaka usikie linavuta, ndipo uwashe vijiti.

Na moto wa Oktoba uwe mdogo na mkali. Kuni chache, nyembamba, kavu, tundu la hewa wazi, uwake kwa nguvu saa moja au mbili, kisha uuache ufe. Usiulaze moto mpaka asubuhi katika mwezi ambao mchana unavua sweta. Narudia, usiulaze.

Sasa ndugu zangu, nisikilizeni vizuri. Siku ya kuwasha haiamuliwi Oktoba. Inaamuliwa Aprili, theluji ikiyeyuka, pale unaponunua kuni, kuzichanja na kuzipanga mahali penye upepo na kuzifunika juu tu. Mti laini kama msonobari unaweza kukauka kwa kiangazi kimoja. Mwaloni unataka miaka miwili. Kuni iwe na unyevu chini ya asilimia 20, na kipimo chake ni kidogo, unakitia mfukoni. Pasua kipande, pima katikati ya upande mpya, usipime nje. Huku kuni zinauzwa kwa rundo la futi nne kwa nne kwa nane, yaani futi za ujazo 128. Pima mwenyewe kabla gari halijaondoka. Mimi sikupima, nikalipia maji na hewa. Fundi wa dohani muite Agosti, kwa sababu Oktoba kila mtu anamtaka. Weka kengele ya moshi na ya kaboni monoksaidi, hewa ile isiyo na harufu. Kwetu tumezika watu kwa sababu ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani, hatuna kisingizio cha kusema hatukujua. Majivu yatie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, uiweke nje mbali na ukuta, kwa kuwa kaa linaweza kukaa hai siku kadhaa humo ndani.

Unaponiandikia kuuliza "niwashe leo?", nami nitakuuliza: kuni zako ulizichanja lini?

Dada wa Vermont alinipigia video Jumapili alfajiri. Nje kwake nyuzi 1, ndani 15, siku ya pili mfululizo. Alikuwa ameshachoma gazeti, vijiti vinawaka, moshi umenyooka juu ya paa. Alipima kuni zake mbele yangu, zikasoma unyevu asilimia 27. Tukakubaliana azipange upya kwa ajili ya mwakani, na leo jioni mume wake anakwenda kutafuta nyingine, kipimo kikiwa mfukoni.