Meli ya kwenda Antaktika: anza na idadi ya abiria

Mkuu, umeuliza upande meli gani ukitokea Ushuaia, mji wa bandari kusini mwa Argentina, na ujiandae vipi. Picha za bwawa na mgahawa ziache kwanza, uliza meli inabeba abiria wangapi. Yenye zaidi ya 500 haishushi mtu, mtatazama barafu kutoka sitahani. Nyingine zote zinabanwa na kanuni ya wageni 100 nchi kavu kwa wakati mmoja, kwenye eneo moja. Ukipanda ya watu 200, nusu wanashuka na nusu wanazungushwa kwa boti za mpira au wanasubiri zamu. Ndogo ni ghali, ila pesa yako inanunua saa za kukanyaga ardhi.

Mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, unakula takribani siku mbili kwenda na mbili kurudi, kwa hiyo "safari ya siku 10" si siku 10 za Antaktika. Pale hakuna nchi ya kukinga upepo wa magharibi, mawimbi yanakuja yamekomaa. Chukua chumba cha sitaha ya chini, katikati ya meli. Vya juu vinayumba sana, na ni vya bei kubwa zaidi! Dawa ya kulewa bahari imeze meli ikiwa bado kwenye Mlangobahari wa Beagle, njia ya kutokea Ushuaia, maji yametulia. Ukishaanza kutapika, tembe inatoka nayo, inabaki sindano ya daktari wa meli. Kiraka cha dawa cha kubandika nyuma ya sikio kinafaa, lakini kinakausha mdomo, na mwenye presha ya macho asikiguse bila daktari wake. Ukikishika, nawa mikono, maana ukijipangusa jicho utaona ukungu.

Baridi yenyewe si ya kutisha: kiangazi cha huko, kwenye Rasi ya Antaktika, huwa karibu na nyuzi 0. Kinachoumiza ni upepo na maji yanayorushwa na boti. Vaa sufu ndani, si pamba, kwani pamba ikilowa jasho haikauki. Suruali isiyopitisha maji ivaliwe juu ya gambuti, isichomekwe ndani, la sivyo gambuti inajaa maji unaposhukia ufukweni.

Kabla ya kushuka mnakaguliwa mbegu na udongo kwenye mifuko, velkro na nyayo. Safisha nyumbani kwa pini na mashine ya kufyonza vumbi. Tangu mafua ya ndege yathibitishwe huko mwaka 2024, hakuna kukaa, kupiga magoti wala kuweka begi chini. Pengwini muache mita 5. Akikusogelea mwenyewe, simama tuli. Choo maliza melini, kule hakuna.

Kama una pasi ya Tanzania, omba viza ya Argentina ya kuingia zaidi ya mara moja, maana ukirudi Ushuaia unaingia upya. Bima ieleze wazi kwamba inalipia kuhamishwa mgonjwa kutoka Antaktika. Tena fika Ushuaia siku moja au mbili mapema: Buenos Aires ina viwanja viwili vya ndege, ndege za kimataifa nyingi hutua Ezeiza, za Ushuaia nyingi huondokea Aeroparque, ng'ambo ya jiji, na begi likichelewa meli haikusubiri.