Kikapu cha kilo moja kinapolipiwa kilo kumi na tatu

Wafanyabiashara wadogo wenzangu wananiuliza swali moja kila mara: "Kampuni gani ina bei nafuu ya kutuma mizigo?" Jibu langu huwa haliwafurahishi. Kabla ya kufika kwenye kampuni kuna mambo mawili: mzigo umefungwaje, na anayeupokea anakaa wapi. Ukishayajua hayo, kuchagua kampuni si kazi tena.

Mimi nauza khanga na vikapu vya Iringa, vile vinavyosukwa kwa majani ya milulu. Nipo Dar es Salaam, wateja wapo kila mahali. Bidhaa zenyewe hazifanani hata kidogo zikifika kwenye mzani. Doti ya khanga ina karibu nusu kilo, lakini ukiikunja vizuri inalala kama bahasha. Kikapu hakina uzito wa maana, ila kinakula nafasi. Na kampuni za vifurushi vya haraka, hasa zinazopeleka kwa ndege, hazitazami mzani peke yake. Zinapima urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, zinazidisha, kisha zinagawa kwa 5,000. Jibu linalopatikana hapo ndio uzito wa ujazo. Wanalinganisha na uzito wa mzani, na unalipishwa ule mkubwa.

Piga hesabu ya boksi lenye sentimita 40 kila upande. 40 mara 40 mara 40 ni 64,000. Gawa kwa 5,000, unapata kilo 12.8. Weka humo kikapu kimoja cha kilo moja. Kwa kuwa kampuni nyingi hupanda kwa nusu kilo na kukadiria kwenda juu, utaandikiwa kilo 13. Kumi na mbili kati ya hizo ni hewa, na hewa ya kwenda ughaibuni ni ghali.

Ndiyo maana siku hizi sipendi kutuma kikapu kimoja kwenda mbali. Nawashauri wateja wachukue seti: kikubwa, cha kati, kidogo, na kile kidogo kabisa cha kuwekea funguo. Vyote vinapachikwa kimoja ndani ya kingine, na boksi linabaki lilelile. Mikono ya vikapu naikunja kwa ndani ili kimo kipungue. Katikati ya kikapu kidogo na kwenye kona za boksi naweka khanga zilizoviringishwa. Ukiwa na vikapu vinne vya jumla ya kilo 3 na doti kumi na sita za khanga, yaani kilo 8 hivi, una kilo 11 za mzani, bado upo chini ya 12.8. Maana yake khanga zote hizo zimesafiri bure. Tena zinasaidia kazi nyingine: milulu ikikauka ikabonyezwa kwa juu inavunjika kwenye mikunjo, sasa khanga inakuwa nguzo ndani ya kikapu. Mteja akiniagiza kikapu kimoja tu, namwambia wazi kwamba nauli itazidi bei ya kikapu, aamue mwenyewe.

Khanga zikienda peke yake siziweki kwenye boksi kabisa. Boksi la kawaida lina uzito wake, na mara nyingi gramu zake ndizo zinazokuvusha kwenda nusu kilo inayofuata. Naweka kwenye nailoni, nakandamiza hewa itoke, natia ndani ya sandarusi safi, nashona mdomo. Nunua mzani mdogo wa kuning'iniza, ule wa mabegi ya safari. Ukifika kaunta ukiwa unajua kilo zako, hata mazungumzo yanabadilika. Na swali la kwanza kumuuliza mhudumu liwe hili: "Mnapima kwa mzani tu, au na kwa futi pia?"

Kwa mikoani, njia ya wengi ni basi, na sina ugomvi nayo. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, mzigo ninaoupeleka jioni unaweza kuwa Dodoma au Iringa asubuhi. Lakini bei ya kwenye ofisi ya basi ni sehemu tu ya hesabu. Sehemu nyingine ni kuufikisha mzigo kwenye basi: ukiutoa Kariakoo kwa bodaboda mpaka Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, unaweza kumlipa boda zaidi kuliko unavyolipa basi. Kampuni kadhaa zina ofisi Shekilango zinazopokea mizigo, uliza kwanza kabla hujaifuata Mbezi. Sehemu ya mwisho anaibeba mteja, na ndiyo inayosahaulika.

Kuna mteja wangu mmoja wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria mkoani Mwanza. Watu wakisikia Mwanza wanadhani yameisha. Yeye aliniambia mapema kabisa, "Dada, ukinitumia kwa basi, mzigo unashuka Nyegezi. Mimi nipo Nansio. Nitafute mtu autoe Nyegezi aupeleke bandarini, nilipie na meli, na huyo mtu nimpe ya soda." Tuchukulie basi ni shilingi 8,000. Ukijumlisha boda wa Mwanza, meli na soda, ile 8,000 inaweza kuwa maradufu, na bado kuna mkono wa ziada umeshika mzigo. Kwa mtu kama huyo, Posta inashinda hata kama kaunta inaonekana ghali, kwa sababu Posta ina ofisi katika makao makuu ya wilaya nyingi ambako basi kubwa halifiki. Kwa mteja wa Dodoma mjini mwenye gari, basi linashinda bila ubishi. Sasa namuuliza kila mteja mpya swali moja tu: mzigo ukishuka stendi, utaufikiaje?

Kuhusu basi niongeze haya, kwa sababu hapo ndipo vilio vingi vinatokea. Usimkabidhi kondakta mzigo mkono kwa mkono kwa sababu kapunguza elfu mbili. Usafirishaji wa vifurushi ni kazi inayohitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na kampuni yenye leseni ina ofisi, ina kitabu na ina risiti. Risiti igeuze usome nyuma: mara nyingi pameandikwa kwamba hawahusiki na vya kuvunjika, au kwamba thamani ambayo haikutajwa hawailipi. Basi taja thamani, iandikwe. Jina la mpokeaji liwe lile la kwenye kitambulisho chake, si "Mama Junior". Namba ya simu iandike kwa maka peni juu ya mzigo sehemu mbili, maana karatasi ya gundi hubanduka ikipata unyevu. Kisha piga picha risiti na mzigo wenyewe, mtumie mteja kwa WhatsApp pamoja na namba ya basi.

Mizigo mikubwa, marobota, usihangaike nayo kwenye mabasi. Malori ya mikoani yapo, yanachelewa lakini bei yake haishindaniki. Tafuta jirani mwenye mzigo wa njia hiyohiyo mchange.

Nje ya nchi ndiko mahali ambapo kuchagua vibaya kunauma. Posta ina ngazi zake: kifurushi kidogo, ambacho kwa taratibu za Umoja wa Posta Duniani mwisho wake ni kilo 2, kuna kifurushi kikubwa, halafu EMS, ambayo ni ya haraka. Doti tatu za khanga zinaingia vizuri kwenye kilo 2, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzilipia EMS kama mteja hana haraka. Kujua umeuziwa ngazi gani, soma namba ya kufuatilia: zina alama 13, herufi na tarakimu kwa pamoja, na za kwetu zinaishia na TZ. Ikianza na E ni EMS, ikianza na R ni rejista, ikianza na C ni kifurushi.

Halafu forodha. Umoja wa Ulaya waliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vidogo vya biashara Julai 2021. Marekani nao, tangu Agosti 29, 2025, wameufuta ule msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800. Kwa hiyo mteja wako wa Houston au Hamburg anaweza kudaiwa pesa mzigo ukifika, na kama hukumwambia kabla, ataona umemwibia. Mwambie kabla hajalipa. Zawadi za kweli, za mtu binafsi kwa mtu binafsi, bado zina nafuu: yuro 45 Umoja wa Ulaya, pauni 39 Uingereza, dola 100 Marekani. Lakini kuandika "zawadi" kwenye mzigo uliouza ni kudanganya, na mzigo wenyewe wenye vikapu vinne vinavyofanana unakusemea. Kwenye fomu andika kitu chenyewe: "vikapu vya kusukwa kwa majani, 4". Ukiandika "bidhaa" unawaalika wafungue. Australia hata usijaribu vikapu kabla mteja hajauliza masharti ya mimea kwao, wana ukaguzi mkali.

Kwa Oman na Dubai kuna mawakala wa kago wanaotoza kwa kilo, na kwa khanga ni wazuri sana. Wengine hupitisha kwa msafiri. Ukifanya hivyo, mpelekee mzigo ukiwa wazi, atoe kila khanga aikung'ute, afunge yeye mwenyewe. Msafiri asiyetaka kuangalia anachobeba simpi mzigo wangu.