Njia ya mtaa imechorwa juu ya jiko langu

Safu ya wasomaji: Ardhi na Mipango Miji

SWALI: Naishi Igogo, mlimani, jijini Mwanza. Urasimishaji (kupanga na kupima maeneo yaliyojengwa bila mpango) umefika mtaani kwetu, na kwenye mchoro uliobandikwa ofisi ya mtaa nimeona njia ya miguu inapita juu ya jiko langu la nje na kona ya choo. Mjumbe mmoja wa kamati anasema mchoro ukishabandikwa umeshapita. Nifanyeje?
– Mama wa Igogo

JIBU: Mama, shikamoo. Mchoro uliobandikwa haujapita. Umebandikwa ili wenye maeneo wauone na waseme, na hutapata tena wakati mzuri wa kusema kama huu. Kampuni ya upangaji na kamati ya mtaa huandaa mchoro, afisa mipango miji wa halmashauri huukagua, Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya madiwani huujadili, ndipo unapelekwa wizara ya ardhi kuidhinishwa. Wapimaji wenye bikoni, yaani alama za mipaka, huja baada ya hapo. Kabla ya kikao cha madiwani, kusogeza njia ni kazi ya nusu siku mezani. Ukishaidhinishwa, kuisogeza ni kurudia mchoro na kuwabembeleza upya majirani ambao wao wameridhika nao.

Anza na futi kamba kabla ya malalamiko. Pima kutoka ukuta wa jiko hadi ukuta wa jirani wa chini, kutoka kona ya choo hadi jiwe au mti usiohama, na upana wa kichochoro mnachopita sasa. Michoro hii mara nyingi huchorwa juu ya picha ya anga, na jiko la mabati lililo chini ya mwembe halionekani kwenye picha ya anga. Kinachoonekana ni paa, na paa hutokeza nje ya ukuta. Kwenye milima ya Mwanza, nyumba zilipobanwa katikati ya mawe, kosa la mita moja tu linatosha kukata choo cha mtu. Huenda mchoraji hajui kabisa kwamba pale pana jiko.

Halafu tafuta njia mbadala. Ukisema tu "iondoeni kwangu", utaulizwa iende wapi, na swali hilo ni la haki: hiyo ndiyo njia atakayopitishwa mgonjwa, ndiyo itakayopita jeneza na bomba la maji. Tembea na majirani muangalie mteremko. Njia inayoshuka mlima wima hugeuka korongo, kwa sababu maji ya mvua huifuata, hukomba udongo chini ya misingi ya nyumba za pembeni, na mchanga wote huishia ziwani. Inayokata mlima kwa ubavu na yenye mtaro upande wa juu hudumu zaidi. Kama iliyochorwa kwako inashuka wima, andika hivyo. Hapo hoja yako itakuwa imekuwa ya mtaa mzima.

Barua iende kwa Mkurugenzi wa Jiji, nakala kwa diwani wa kata na mwenyekiti wa mtaa. Taja namba ya kiwanja iliyo kwenye mchoro, vipimo vyako, na uambatanishe kijichoro cha mkono. Muhimu kuliko vyote ni saini za wenye maeneo ambako njia mbadala itapita. Barua isiyo na saini hizo hufia mezani, maana inaonekana unamsukumia jirani mzigo. Peleka nakala mbili masijala, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. (Wasomaji wa Kirumba na Kitangiri, zenu zinakwenda Manispaa ya Ilemela, ambayo ni halmashauri ya peke yake tangu 2012.)

Na usisaini fomu ya kukubali mipaka hadi mchoro uliorekebishwa uwe mbele yako. Katika urasimishaji, ardhi ya njia hutokana na wakazi kuachiana, kwa kawaida bila fidia. Saini yako ndiyo inayosema umeachia.

SWALI: Nimeoneshwa kiwanja Luchelele, kinagusa maji. Muuzaji anasema hati inawezekana. Ni kweli?
– Mnunuzi, Nyegezi

JIBU: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Hata wa kando ya mto Mirongo wanaguswa. Ukienda kupima, usianzie maji yalipo siku ya kiangazi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kupita rekodi ya miaka ya 1960, na palipokuwa uwanja wa watu pakawa maji. Waulize wavuvi wa hapo maji yalifika wapi mwaka ule, chomeka vigingi, kisha hesabu mita 60 kwenda juu. Kipande kitakachobaki baada ya hapo ndicho cha kujadili bei. Kisha nenda ofisi ya ardhi ya Jiji uangalie matumizi ya eneo hilo kwenye mchoro wa mipango miji, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba.

SWALI: Nyumba yangu Mkolani, kando ya barabara kuu, imewekwa X ya kijani. Jirani aliye mbele yangu ana nyekundu. Tofauti ni nini?

JIBU: Ni fidia. Hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili yake, ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaifanya mita 30. Aliyejenga ndani ya zile 22.5 huwekewa nyekundu na huondoka bila malipo. Wewe uliyekutwa na nyongeza ya mita 7.5 una haki ya kulipwa pale eneo litakapohitajika. Mpaka siku hiyo usiongeze chumba. Mthamini akija, uwepo mwenyewe: ahesabu miti, kisima, ukuta na msingi ambao haujapandishwa. Mbali na thamani ya mali kuna posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20, na posho ya makazi ya miezi 36. Andika tarehe uthamini ulipoidhinishwa: malipo yanatakiwa ndani ya miezi 6, na ikipita miaka 2 bila kulipwa, uthamini hurudiwa.

SWALI: Je, mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuingia Baraza la Madiwani?

JIBU: Ndiyo. Baraza la kawaida hukaa kila miezi mitatu na liko wazi, ila wewe utasikiliza tu. Wa kukusemea ni diwani, kwa hiyo mpe karatasi yako mapema, kabla vikao vya kamati havijaanza. Hoja za viwanja huamuliwa huko kwenye kamati, na baraza mara nyingi hupokea tu muhtasari wake.