Leza ya kidevu kwenye ritani ya kodi ya Marekani
Umeuliza, dada, kama leza ya kuondoa nywele za kidevu inaweza kukupunguzia kodi. Hapana, kwa kawaida huwezi kuidai kama gharama ya matibabu. Kijitabu namba 502 cha IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kinataja kuondoa nywele waziwazi, fungu moja na kupandikiza nywele na kunyonya mafuta: urembo. Mlango uliobaki ni kasoro ya kuzaliwa nayo, ajali, au ugonjwa ulioharibu sura, na hapo tafuta barua ya daktari, risiti ya saluni haitoshi. Hata ikikubalika, kinachohesabiwa ni kile kinachozidi asilimia 7.5 ya kipato chako kilichorekebishwa (AGI kwenye fomu). Kwenye dola 60,000, zile 4,500 za mwanzo hazikusaidii kitu. Tena lazima ujaze Schedule A, fomu ya kuorodhesha makato yako moja moja. Nawajazia watu fomu kila Februari, wengi huishia kuchukua makato ya kawaida tu, yaani kiasi maalumu kisichohitaji kuorodhesha gharama.