Mchumba yuko sebuleni, mimi namwandikia nikiwa chumbani

*Shangazi, nina miaka 31 na nakaribia kuoa. Tatizo langu ni mdomo. Simu ikilia naitazama mpaka ikatike, kisha naandika: "Nilikuwa mbali, niambie." Tukikosana na mchumba wangu naingia chumbani namwandikia ujumbe mrefu, naye yuko sebuleni. Juzi alijibu "sawa" tu, na tangu hapo amenuna. Anasema anaona kama anaolewa na karani. Je, mimi ni mgonjwa?*

Mwanangu,

Hapo kwenye karani nimecheka, unisamehe. Mimi ninayekula kwa barua za watu sina ubavu wa kumkejeli anayependa kuandika.

Kwa uliyonieleza, sioni ugonjwa. Maongezi ya mdomo yana kasi yake. Watafiti waliolinganisha lugha 10 mwaka 2009 walikuta kwamba mtu akimaliza kuuliza swali, kwa wastani mwenzake hudakia baada ya kama sekunde 0.2. Wapo wanaoumudu mwendo huo. Wewe jibu lako zuri linakujia ukiwa unaoga, ugomvi umeshapoa. Maandishi yanakupa muda, tena yanakuruhusu kufuta, na matusi mengi yameishia hapo hapo kwenye kufutwa.

Ila hebu utazame mlango huo wa chumba. Wewe huko ndani umejipa dakika 40: umeandika, umefuta, umepanga hoja mpaka zimenyooka. Yeye simu inamtetemekea mkononi, na wewe tayari unachungulia kama ameshasoma. Muda ule ulioutaka kwa ajili yako, yeye umemnyima. Ujumbe uliopangwa hivyo unafika kama hukumu iliyokwisha kupigwa muhuri, angejibu nini zaidi ya "sawa"? Na "sawa" ya kuandikwa haina uso. Huenda amekubali, huenda amechoka, huenda alikuwa analia.

Endelea kuandika, lakini andika kwenye karatasi, utoke nayo, ukae karibu naye umsomee. Ukikwama mpe amalizie mwenyewe, nawe usiondoke. Kisha mwambie akujibu kesho, kwa njia aitakayo. Kuomba radhi tu ndiko nisikokuruhusu kuandika, hata kama utatamka maneno mawili ukigugumia.

Kuhusu simu, acha uongo wa "nilikuwa mbali". Waambie watu wako: "Niandikie kwanza ni jambo gani, nitakupigia mwenyewe." Halafu upige kweli. Lakini kama hofu ya kusema inakufanya ukimbie hata kazi na watu wote, mwone mtaalamu wa ushauri nasaha. Hilo barua yangu haiwezi kulibeba.

Ile "sawa" ya juzi bado hujaielewa. Nenda kamwulize alimaanisha nini, na simu uiache kitandani.