Mashamba matano ya mvinyo kwa siku moja? Mkuu, futa hiyo ratiba

Sijamaliza hata kusoma uzi wako. Nimefika pale kwenye ratiba yako ya Afrika Kusini ulipoandika "mashamba matano, Stellenbosch hadi Franschhoek, gari la kukodi, halafu saa moja usiku chakula cha sahani nane", nikapanda juu kuangalia jina la mwandishi. Nilidhani kuna mtu kafukua uzi wangu wa mwaka juzi.

Piga hesabu. Kila shamba wanakumiminia aina tano hivi. Sema kila mmimino ni mililita 30. Mashamba matano ni mimimino 25, zidisha mara 30 upate 750. Hiyo ni chupa nzima, mkuu, ya kilevi cha asilimia 13 au 14, umeimaliza peke yako kabla hujakaa mezani. Na dereva ni wewe! Kule kikomo ni gramu 0.05 za kilevi kwa mililita 100 za damu, na kati ya Stellenbosch na Franschhoek kuna kilima cha Helshoogte, kona juu ya kona. Usiniambie umezoea mvinyo wa Dodoma. Mimi nilisema maneno hayohayo.

Aliyeniponza ni jamaa wa ofisini. "Kule watu wanaonja tu, hulewi." Alivyolisema utadhani ana shamba lake. Nimekuja kugundua kwamba alikwenda Cape Town kwenye semina ya siku mbili, na mizabibu aliiona kupitia dirisha la basi. Mpaka leo akinishauri jambo, hata la kununua chaja, nafanya kinyume.

Shamba la kwanza, saa nne asubuhi, mambo safi. La pili safi zaidi. Mezani kuna kindoo, nikadhani cha kutupia tishu, mpaka nikaona wazee wa Kizungu wanatemea mvinyo humo. Nikawaonea huruma. Sisi tumelelewa kwamba kitu cha kukaribishwa hukitemi, tena hiki nimekilipia mwenyewe! Nikameza. Historia ya Pinotage, zabibu yao wenyewe, kwamba Profesa Perold alichanganya zabibu aina mbili, Pinot Noir na Cinsaut, mwaka 1925, nilisimuliwa kila shamba. Shamba la nne niliisimulia mimi, kwa sauti, kwa wageni ambao hawakuniuliza.

Sasa njoo kwenye hasara yenyewe. Vyumba vingi vya kuonjea vinafungwa saa kumi au kumi na moja jioni. Meza yetu ilikuwa saa moja usiku. Masaa mawili mazima tumekaa kwenye gari kama watu waliofukuzwa nyumba. Tunaingia mgahawani, kitambaa cheupe, mhudumu anaeleza kila sahani kama anasoma wosia, na mimi ulimi umeshakufa. Mvinyo mwekundu una ukakasi. Ukinywa kutwa nzima mdomo unakuwa kama umeshinda unakula mabibo. Samaki, kondoo, jibini, vyote kwangu vilikuwa uji wa mgonjwa. Na nilishalipia kila sahani na glasi yake, randi 4,400 kwa watu wawili, hazirudi. Sahani ya tano nikasinzia. Mama watoto hakuniamsha. Alimwambia mhudumu, "Za kwake lete huku." Akala zake na zangu, na mpaka leo anasema hajawahi kula vizuri kama usiku ule.

Gari likalala palepale. Teksi mpaka Cape Town, kilomita themanini hivi, na kesho yake teksi nyingine kulifuata. Bei siitaji, kuna ndugu zangu humu wananidai.

Kwa hiyo: CHAKULA CHA BEI KIWE MCHANA. Shamba moja asubuhi ulimi ukiwa mzima, na hicho kindoo ukitumie bila aibu. Saa sita na nusu kaa mezani; majiko mazuri ya kule mengi yako humohumo mashambani, na mchana yanapika. Baada ya hapo shamba la pili ukijisikia, basi. Hilo la tatu ni la yule jamaa wa ofisini. Gari liache hotelini. Franschhoek kuna tramu ya mvinyo, kigari cha abiria cha kwenye reli, tangu 2012, inashirikiana na mabasi kuzungusha watu mashambani, unashuka na kupanda. Ila hata humo nimeona watu wakikimbilia shamba la sita, kwa hiyo tramu haikuponyi na tamaa.

Uliuliza pia nguo za kuvaa na habari ya watoto. Nguo, shati lenye kola linatosha. Watoto sijui, wangu niliwaacha kwa bibi yao, na namshukuru Mungu hawakuniona.

Umesema amana umeshalipa? Wapigie leo, waombe wakuhamishie mchana.